Mjadala wa Asidi na Magadi katika Baraza la Isiolo

Mji wa Isiolo umekaa mahali ambapo nchi ya milima yakoma na nchi ya nyika yaanza: kusini yake wauona mlima wa Kenya pamoja na mvua zake na mashamba yake, na kaskazini yake barabara yashika njia ya Marsabit hata Moyale, ikikata malisho ya Waborana, Wasamburu, Warendile na Wasomali, ambao riziki yao hutembea kwa miguu minne. Kwa sababu ya kukaa huko mpakani, mji huu hukutanisha bidhaa ambazo kwingineko hazikutani kwa urahisi: maziwa ya ngamia yajayo asubuhi kutoka maboma ya nyikani, magadi na chumvi za mifugo kama zile zivunwazo katika kreta ya Magado chini ya milima ya Nyambene, na betri za malori zitiwazo maji makali katika karakana za kando ya barabara. Mtu aijuaye kemia akivitazama vitu hivi vitatu haoni biashara tatu, huona somo moja lililogawanywa katika vibanda vitatu. Kwani maziwa yakilala huzaa asidi, magadi ni alkali, na maji ya betri ni asidi ambayo haina msamaha.

Somo hili wanafunzi wa Kenya huanza kufundishwa wakiwa bado wadogo, na aghalabu huliingia kwa mlango wa fasili: asidi ni hiki, besi ni kile, na alkali ni besi iyeyukayo majini. Fasili hizo ni sahihi, walakini humjia mtoto wa Isiolo kana kwamba zimetoka nchi isiyokuwa na maziwa wala magadi. Na mzazi wake akiulizwa juu ya jambo lilo hilo hujibu kwamba halimhusu, hali ya kuwa amelitenda tangu alfajiri. Kwa hiyo nimeonelea kuutunga mjadala huu, nikawaweka barazani watu wanne, si kwa majina ila kwa kazi zao: mzee auzaye magadi na chumvi ya mifugo, mama auzaye maziwa ya ngamia, fundi wa betri, na mwalimu wa kemia, nami nikajipa kiti cha mwenyekiti. Hoja iliyoletwa mbele ya baraza ni hii: kwamba ulimi na mkono vyatosha kumjulisha mtu asidi na alkali, na kwamba vipimo vya maabara ni anasa ya wasomi. Mzee aiunga mkono, mwalimu aipinga, na hao wawili waliosalia wako huru kusema waonalo.

MZEE. Bwana mwenyekiti, nakushukuru kwa kunitanguliza. Mimi sikusoma kemia, lakini nimeuza magadi tangu ujana wangu, na sijapata kumwuzia mtu chumvi mahali pa magadi wala magadi mahali pa chumvi. Nikitia chembe ulimini, chumvi hujitaja yenyewe. Magadi huja na ladha ya sabuni, na nikiyasugua kwa maji baina ya vidole huteleza. Ndimu, ukwaju na maziwa yaliyolala huja na ugwadu, na meno yakafa ganzi. Alama hizi Mwenyezi Mungu amezitia katika mwili wa kila mja, asilipe ada ya shule wala asingoje mtihani. Kwa alama hizo wazee wetu walijua mambo makubwa. Walijua kwamba tumbaku ikitafunwa peke yake ni dhaifu, na ikichanganywa na magadi humshika mtu barabara. Walijua kwamba maharagwe makavu yakichemshwa pamoja na chembe ya magadi huiva upesi, na kuni zikasalia kwa ajili ya chai. Walijua kwamba ngamia asiyefikishwa penye ardhi ya chumvi hukonda, na maziwa yake hupungua. Nani aliyewapa mizani? Tena nasikia kwamba hao wenye vitabu hawakukaa katika neno moja: jana walisema asidi ni hivi, leo wasema ni vile. Ulimi wangu haukubadili kauli. Basi baina ya shahidi mwenye kauli moja na shahidi mwenye kauli tatu, kadhi amsadiki nani?

MWALIMU. Mzee wangu, sitakataa hata moja katika uliyoyataja, na hilo la tumbaku nitalitilia nguvu. Nikotini ndani ya jani imefungamana na asidi za jani lenyewe, ikawa katika hali ya chumvi, na katika hali hiyo haipenyi kwa wepesi ngozi laini ya kinywa. Magadi yakija huzikamata zile asidi, nikotini ikawa huru. Nayo ikishakuwa huru huingia damuni kwa haraka. Kwa hiyo wazee walisema kweli. Lakini walijua tokeo pasipo sababu, na asiyeijua sababu hana namna ya kuyakadiria madhara, maana ile nikotini iliyofunguliwa njia ndiyo imfungayo mtafunaji asiweze kuacha. Kadhalika maharagwe: magadi huyalainisha kwa kuvunja kile kinachoshikanisha chembechembe za punje, na papo hapo huiharibu vitamini B1 ambayo ni sehemu ya faida ya chakula hicho. Ulimi wako ulikuambia kwamba maharagwe yameiva. Haukukuambia yamepoteza nini.

Ama kuhusu kubadilika kwa kauli zetu, nakiri kwamba zimebadilika, na nitaeleza zilivyobadilika ili kadhi ahukumu. Antoine Lavoisier, mwanazuoni wa Ufaransa katika karne ya 18, alidhani kwamba oksijeni ndiyo iletayo uasidi katika kila asidi. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaonyesha kwamba asidi itengenezwayo kwa chumvi ya kawaida, ambayo leo twaiita asidi ya hidrokloriki, haina oksijeni hata chembe. Kauli ya Lavoisier ikaanguka kwa ithibati. Kisha akaja Svante Arrhenius wa Sweden, ambaye katika tasnifu aliyoipeleka Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1884 alianza kufundisha kwamba vitu vya namna hii vikiyeyuka majini hugawanyika vipande vyenye umeme, viitwavyo ayoni. Wakaguzi wake wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel kwa mafundisho yayo hayo. Kwa Arrhenius, asidi ni kitu kitoacho ayoni za hidrojeni katika maji, na alkali ni kitu kitoacho ayoni za hidroksidi. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, wakaupanua uwanja huo wakasema: asidi ni mtoaji wa ayoni ya hidrojeni, na besi ni mpokeaji wake. Upanuzi huo haukuwa wa bure. Harufu ile ichomayo pua mtu aingiapo katika zizi la mbuzi asubuhi ni amonia, nayo ni besi ingawa haina hidroksidi ndani yake. Huipokea hidrojeni kutoka kwa maji, na maji yakabaki na hidroksidi. Basi shahidi wa kwanza alikosea na akasahihishwa, na wa pili hakukosea ila aliongezewa. Mahakama gani humwita mwongo shahidi arekebishaye maneno yake kila ionekanapo hati mpya?

MZEE. Majina umeyataja vizuri, mwanangu, na hao watu Mungu awalipe kwa juhudi zao. Lakini mimi nilisema ulimi watosha. Nionyeshe mahali uliposhindwa.

MWALIMU. Umeshindwa katika kiasi. Ulimi huarifu kwamba asidi ipo. Hauarifu ni ya kadiri gani. Mwaka 1909 Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, aliweka kipimo kiitwacho pH.

MZEE. Astaghfirullahi! Kipimo mtakacho kukitia katika maziwa yetu kimezaliwa katika nyumba ya pombe?

MWALIMU. Ndivyo, mzee wangu, wala si ajabu; kwa kuwa kuchacha kwa shayiri na kuchacha kwa maziwa ni kazi ya vijidudu wasioonekana, na kazi yao hufuata sana hali ya asidi iliyopo.

MZEE. Basi kipimo ni halali na kinywaji ni haramu. Endelea.

MWALIMU. Katika kipimo hicho maji safi yako kwenye 7. Kila tushukapo chini ya 7 asidi yazidi, na kila tupandapo juu yake alkali yazidi. Maziwa mabichi ya ngamia hukaa karibu na 6.5, damu ya mwanadamu mzima wa afya hukaa baina ya 7.35 na 7.45, maji ya ndimu hushuka hata karibu na 2, na maji yaliyokolea magadi hupanda kupita 10. Lakini ngazi hii haina vipago vya kawaida, kwani kila kipago ni mara kumi ya kile kilichotangulia. Maziwa yakishuka kutoka 6.5 hadi 4.5, mtu hudhani yameshuka vipago viwili tu, kumbe ayoni za hidrojeni ndani yake zimekuwa mara mia. Ulimi hauhesabu mara mia; husema “yamechacha” ukanyamaza.

Tena ulimi hauwezi kupambanua wingi wa asidi na nguvu yake, nayo ni mambo mawili. Chukua maboma mawili, kila moja lina ngamia mia: katika la kwanza kamba zote zimefunguliwa, na katika la pili wamefunguliwa wawili watatu na waliosalia wamefungwa. Hesabu ya ngamia ni sawa, lakini shamba la jirani halitapata hasara sawa. Asidi kali, kama ya hidrokloriki ambayo Mungu ameiweka hata katika matumbo yetu ili itusagie chakula, huziachilia hidrojeni zake zote majini. Asidi dhaifu, kama ya ndimu, ya siki au ya maziwa, huachilia chache na kuzishika nyingi, na zile zilizoshikwa hutoka moja moja kila zile za kwanza zitumiwapo. Ndiyo sababu siki yenye asidi kiasi cha sehemu tano katika mia hutiwa katika kachumbari, na hapana mwenye akili awezaye kutia asidi kali ya kiasi hicho katika chakula cha wageni wake.

MWENYEKITI. Fundi naona atikisa kichwa. Na apewe nafasi.

FUNDI. Natikisa kwa sababu hili la ulimi lanitia hofu. Maji ya betri, yaani asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, hayana rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Yakitiwa katika chupa ya maji ya kunywa, jambo ambalo wengine hulifanya kwa uzembe, hapana jicho liwezalo kuyatenga. Atakaye kuyajua kwa ulimi atayajua mara moja, na hatakuwa na ulimi wa kusimulia. Hata mkono haujui kwa wakati wake. Tone likiangukia suruali halionekani siku ile. Maji yake hukauka, asidi hubaki ikazidi kukolea, na nguo ikifuliwa ndipo mke aonapo matundu akauliza panya wametoka wapi. Kwa hiyo mafundi tumerithishana amri mbili. Ya kwanza ni kwamba mwenye kuizimua asidi huimimina asidi ndani ya maji kidogo kidogo, wala hamimini maji ndani ya asidi, kwa kuwa kukutana kwao huzaa joto kali, na maji machache juu ya asidi nyingi huchemka mara moja yakamrukia mtu usoni. Ya pili ni kwamba iliyomwagika sakafuni hutiwa magadi: hutoa povu, nami huongeza magadi mpaka povu likome, na likikoma najua asidi imekwisha. Lakini iliyomwagika mwilini haitiwi magadi. Huoshwa kwa maji mengi, kwa muda mrefu, bila kungoja, na mtu akapelekwa hospitali. Kwani magadi nayo huchoma, na pambano lao juu ya ngozi huongeza joto juu ya jeraha. Basi mimi nasema hivi: kwa upande wa ulimi hoja ya mzee imeanguka, kwa upande wa mkono bado imesimama kidogo, maana lile povu ni kipimo, na mimi sikulinunua maabarani.

MWALIMU. Umesema kweli, na lile povu ni hewa ya ukaa ambayo asidi huifukuza kutoka katika magadi. Kinachobaki sakafuni ni maji na chumvi, si chumvi ya mezani, bali ile iitwayo salfeti ya sodiamu. Hii ndiyo kanuni yenyewe ya somo letu: asidi na alkali zikikutana hutanguana, hidrojeni ya huyu na hidroksidi ya yule zikafanya maji, na vile vilivyosalia kwa kila upande vikashikana vikawa chumvi. Naomba baraza iihifadhi kanuni hii, kwa kuwa nina hakika tutaihitaji kabla hatujaondoka.

MAMA. Bwana mwenyekiti, nami sikuja kumtetea mzee wala mwalimu. Nimekuja kwa sababu maziwa yangu yamo katika maneno yao wote wawili. Kwanza nataka ijulikane kwamba wanawake nasi tuna vipimo ambavyo si ulimi. Kanzu nyeupe ikimwagikiwa mchuzi wenye manjano, nami nikaipaka sabuni, doa hugeuka likawa jekundu. Nikisuuza vizuri, au nikilikamulia ndimu, hurudi kuwa la manjano. Msichana aanzaye kufua hulia akidhani ameiharibu kanzu ya baba yake, na mwenye uzoefu humcheka.

MWALIMU. Mama, hicho ndicho tukiitacho kiashirio. Manjano hukaa na rangi yake penye asidi na hugeuka wekundu penye alkali, na sabuni ni alkali kidogo. Robert Boyle wa Uingereza, katika kitabu chake juu ya rangi kilichotoka mwaka 1664, alieleza jambo la jinsi hiyo kwa maji ya maua ya urujuani, ambayo huwa mekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Karatasi ya litimasi tunayowapa wanafunzi, ambayo asidi huifanya nyekundu na alkali huifanya buluu, haina siri iliyo kubwa kuliko doa lako la mchuzi.

MAMA. Ahsante. Sasa maziwa. Ya ngamia hukaa muda mrefu zaidi ya ya ng'ombe kabla ya kuchacha, na hilo ndilo lililotuwezesha kuyapakia katika basi kwenda Eastleigh, Nairobi, kama wafanyavyo akina mama wa ushirika wa Anolei hapa Isiolo. Yakiachwa kwa makusudi katika kibuyu kilichofukizwa moshi, huwa susa. Nasikia mwalimu na mzee wote wawili wautaja uchachu kana kwamba ni ugonjwa wa maziwa, nami nasema uchachu ule ni mlinzi wao. Susa safi huvumilia joto la nyika siku kadhaa, ambapo maziwa yasiyochacha yangekuwa yameoza na kunuka.

MWALIMU. Hapo nimefundishwa, mama, na kemia yakuunga mkono. Bakteria wa uchachu huila sukari ya maziwa wakatoa asidi ya laktiki; asidi ikishafika karibu na 4.5 katika kipimo nilichokitaja, vijidudu wengi waletao maradhi hawawezi tena kuzaana. Naongeza hadhari moja tu, kwamba kuzuiwa kuzaana si kufa, na maradhi kama homa ya brusela hupitia maziwa yasiyochemshwa; kwa hiyo yafaa maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yatiwe chachu.

MAMA. Nimeikubali hadhari. Sasa nina swali, nami nataka wote wawili walijibu. Tuseme yuko mlanguzi, simtaji wala simjui, ambaye maziwa yake yameanza kuchacha njiani, naye hataki hasara. Achukua magadi kidogo akatia. Aonja; atia tena; aonja tena; mpaka ugwadu umekwisha. Mzee, ukiletewa maziwa hayo utasema nini?

MZEE. Akizidisha magadi nitaisikia ladha ya sabuni.

MAMA. Asipozidisha?

MZEE. Kwa haki ya Mungu, asipozidisha nitasema ni mabichi.

MAMA. Na manjano yangu?

MWALIMU. Manjano yatamnasa mwenye pupa aliyepita kiasi. Mwenye mkono mwepesi hayatamnasa, kwa sababu hayageuki rangi mpaka alkali iwe imezidi dhahiri.

MAMA. Na hicho kipimo chako cha namba, mwalimu? Hicho ambacho husema mara mia pale ulimi usemapo “yamechacha”?

MWALIMU. Kitasoma 6.5, mama, au karibu yake. Kitasema ni mabichi.

MAMA. Basi ulimi umedanganywa, na kipimo kimedanganywa, na kwa hila moja. Mlikuwa mkigombania nini tangu alasiri?

MWALIMU. Mama, swali lako limeivunja hoja ya mzee na limeivunja hoja yangu kwa namna nilivyoileta. Nilisema kipimo ni bora kuliko ulimi, na katika kiasi ni bora; lakini ulimi na kipimo, vyote viwili, hutoa habari za hali ya sasa, na hila ya mlanguzi haimo katika hali ya sasa, imo katika yaliyopita. Ngoja niirudie ile kanuni niliyoomba ihifadhiwe. Asidi ya laktiki ikikutana na magadi haikuondoka ikarudi kuwa sukari ya maziwa iliyotoka kwayo; imegeuka chumvi, laktati ya sodiamu, nayo ingali humo humo katika mtungi. Sukari iliyoliwa imekwisha kuliwa. Bakteria waliozaana wangali wamo kwa wingi wao wote. Na lile uliloliita mlinzi, yaani ule uchachu, limeondolewa, na vijidudu waliokuwa wakizuiwa nao sasa wamefunguliwa mlango. Maziwa hayo si mabichi na si susa. Ni kitu cha tatu, kibaya kuliko vyote viwili, kilichovaa namba ya cha kwanza. Kutanguana si kurudi.

FUNDI. Kumbe na sakafu yangu ni vivyo hivyo. Povu likikoma husema imekuwa safi, kumbe pamebaki chumvi niliyoitengeneza mwenyewe, na haifai kulambwa na mbuzi wa mtu.

MZEE. Basi huyo mlanguzi hakamatiki?

MWALIMU. Hukamatika, mzee wangu, lakini na yule ajuaye la kutafuta. Ajuaye kanuni haulizi tena kama maziwa ni makali au si makali. Huuliza kama ndani yake mna magadi. Wakaguzi wa maziwa huchukua kiasi kidogo cha maziwa, wakatia spiriti ya kiasi kile kile, kisha matone machache ya rangi iitwayo asidi ya rozoliki: yaliyotiwa magadi huja na wekundu wa waridi, na yasiyotiwa hukaa na rangi ya hudhurungi. Jaribio hili halikuvumbuliwa na ulimi wala halikuvumbuliwa na kipimo cha namba. Lilivumbuliwa na mtu aliyejiuliza: asidi ikitanguliwa, ni nini kibakicho?

MZEE. Nakubali kwamba ulimi hautoshi. Lakini nataka iandikwe kwamba swali lililotuangusha sote halikutoka katika kitabu. Limetoka kwa mwenye kuuza.

MAMA. Na iandikwe vilevile kwamba mwenye kuuza alikuwa na woga bila jibu. Mimi hujikinga kwa njia zangu: huuliza yamekamuliwa saa ngapi na katika kundi la nani, huuangalia mtungi kama umesafishwa, wala siyachanganyi maziwa ya boma hili na ya boma lile mpaka nimeyakubali yote mawili, ili likiharibika moja nijue la nani. Hayo ni mazuri, na sitayaacha. Lakini yananilinda na mtu nimjuaye. Asiyejulikana, ajaye na mtungi kutoka mbali, kwake nahitaji ile rangi ya waridi.

MWENYEKITI. Baraza imesikia pande zote, na sasa yapasa hukumu itolewe juu ya maneno ya hoja kama yalivyoletwa. Kwamba ulimi na mkono vyatosha, hilo limekataliwa: fundi ameonyesha kwamba kuna asidi ambazo kuzionja ni kujiua, mwalimu ameonyesha kwamba hata ile iwezayo kuonjwa hailitaji kwa ulimi daraja lake, na mama ameonyesha kwamba ile iwezayo kuonjwa na kupimwa yaweza kufichwa. Kwamba vipimo vya maabara ni anasa, hilo nalo limekataliwa. Walakini upande wa upinzani usiondoke na furaha yote, kwa maana mwalimu alianza kwa kukinyanyua kipimo juu ya ulimi, na akamaliza kwa kukiri kwamba vyote viwili ni mashahidi wa jambo moja tu, nalo ni jinsi kitu kilivyo saa hii. Hakimu aliyeweza kuhukumu kesi ya mlanguzi alikuwa maarifa ya kile kinachotendeka asidi na alkali zikutanapo.

Kutokana na hukumu hiyo napenda kuongeza neno juu ya namna ya kufundisha, ambalo ndilo lililonifanya niutunge mjadala huu. Tumezoea kulianza somo kwa alama, yaani ugwadu, utelezi na rangi za litimasi, kisha tukapanda kwenye namba, na kutanguana tukakuacha mwisho, kukawa mistari michache ya milinganyo ambayo mwanafunzi huihifadhi kwa ajili ya mtihani na kuisahau baada yake. Mimi naona mpango huo umeweka mwisho kile kilichostahili kuwa kiini. Alama twaweza kuziokota nyumbani, na namba husomwa katika kifaa na yeyote ajuaye kusoma. Bali kufahamu kwamba asidi iliyotanguliwa haikutoweka, kwamba imekuwa maji na chumvi na ingali humo, hakupatikani kwa kuonja wala kwa kusoma namba, na ni ufahamu huo umwokoao mnunuzi wa maziwa, umwongozao fundi penye jeraha, na umwonyeshao mzee kwa nini tumbaku yake ina nguvu. Basi mwalimu wa Isiolo amtiapo mtoto mtihanini, asimwulize tu asidi ni nini, kwani hilo atalijibu kwa kukariri. Amwekee mbele kikombe cha maziwa ambacho ulimi wasema ni mabichi na kipimo chasema ni mabichi, amwambie kwamba jana yalikuwa yamechacha, kisha amtake aeleze ile asidi imekwenda wapi.